Wakuu, "chururu" na "ndo" ni maji gani hasa? Maneno yamezuka kwenye kikao cha mtaa hapa Tanga

Mwana wa Makorora (mleta uzi)

Wakuu, habari za masika. Wakubwa shikamooni.

Nina swali la lugha, ila limetokana na ugomvi wa ukuta. Jirani mmoja hapa mtaani kaezua makuti, kaezeka bati, na bati lenyewe kalitoa nje mpaka limekaribia kugusa nyumba ya mzee wa upande wa pili. Mvua zilipokolea, maji yote ya upande ule yakawa yanamwagikia ukutani kwa mzee. Ukuta ni wa fito na udongo, umepigwa lipu juu. Sasa lipu inabanduka na chini pameshachimbika mtaro. Wakafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Jirani akajitetea kwamba hata enzi za makuti maji yalikuwa yakiangukia hapo hapo, na miaka yote hiyo mzee hakusema neno. Mzee akamjibu taratibu: "Ndo zako nilizivumilia. Chururu sikuipa ruhusa." Akamalizia na methali: "Chururu si ndo ndo ndo."

Wazee waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali. Sisi vijana tukabaki tunatazamana, na mwenyekiti mwenyewe akaomba afafanuliwe. Methali hii nimewahi kuikuta shuleni kwenye orodha, tukaikariri, mwalimu akapita kwenda nyingine. Kuisikia ikifanya kazi mbele za watu ndiyo kwanza.

Naomba kujua: chururu ni maji gani, ndo ni maji gani, na maneno yametoka wapi? Halafu, methali inaisifu chururu au inailaumu? Hapa mtaani kila ninayemuuliza ana lake.

---

Mpita Duga

Nadhani ndo ni ndoo, mkuu. Yaani maji ya kuchuruzika hayawezi kujaza ndoo tatu.

---

Bint Tongoni

Hapana kaka, ndoo ya kuchotea haimo humu. Ndo ni tone linavyolia likitua: ndo, ndo, ndo.

Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama huko Tongoni, na maneno haya kwake yalikuwa ya kila siku, si ya kitabuni. Nyumba yake ilikuwa ya makuti. Kuti halina pupa na maji. Mvua ikianza linakunywa kwanza, likishiba ndipo ncha za majani zinaanza kutona, kila ncha na tone lake. Mvua ikikatika juu, upenuni bado ndo, ndo, ndo mpaka jua limetoka sawasawa. Na maji yake yana rangi ya chai, kwa sababu ya vumbi la makuti na moshi wa jikoni. Ukifulia nguo nyeupe umeiharibu.

Kwa hiyo bibi hakukinga upenuni. Alikuwa na mnazi wake, umeinama kidogo. Maji yanayopiga makuti ya juu hukusanyika yakashuka na shina. Bibi alichana jani refu la mnazi, akalizungusha shinani kwa mshazari, usawa wa kiuno cha mtu mzima, akalikaza, ncha akaiacha inaning'inia nje. Chini yake mtungi. Mvua inapoanza ile ncha inatona tu. Ikishakolea, maji yanatoka uzi mmoja usiokatika. Huo uzi ndio alioita chururu. Alikuwa akituagiza: "Kaangalieni, imeshika chururu au bado ndo?" Kama bado ndo tunabaki ndani. Ikishika chururu, kila mtu na chombo chake, foleni mnazini.

Na maji ya mwanzo alikuwa hayakingi, anayaacha yasafishe shina, maana ndege na popo wanalala huko juu.

---

Mwalimu wa Kiswahili, Pangani

Bint Tongoni amesema yote ya msingi, mimi niongeze ya darasani.

Chururu na ndo ni tanakali za sauti. Sikio limesikia maji, mdomo ukaiga. Kiswahili kina familia kubwa ya maneno ya namna hii na mengi yamezaa vitenzi ambavyo leo tunavitumia bila kukumbuka kwamba vilianza kama mlio. Weka chururu karibu na *chururika* na *churuzika*. Weka tiriri karibu na *tiririka*. Weka ndo karibu na *dondoka*. Kisha sikiliza *bubujika*. Maji ya chemchemi yanasema hivyo kweli.

Lakini lipo neno la maji ya kudondoka ambalo si tanakali, nalo ni kongwe zaidi: *kutona*. Kutoka hapo tumepata *tone* na *matone*. Vijana wengi leo wanajua tone lakini kitenzi chenyewe wamekiacha, isipokuwa kwenye harusi, ambako bibi harusi bado *anatonwa* hina. Jamaa zake kitenzi hiki wamo mbali na pwani: Waganda mvua ikinyesha husema *etonnya*, na Wanyarwanda tone wanaliita *igitonyanga*. Kwa hiyo hilo tumerithi pamoja na ndugu zetu Wabantu wa bara.

Liko na la tatu ambalo mzee wa Makorora bila shaka analo: *mchirizi*. Wengi wanalijua kama mfereji mdogo wa maji ardhini. Wazee wanaliita hivyo pia lile eneo la ukingo wa paa ambapo maji yanaachia. Ukiambiwa "usisimame mchirizini", tazama juu kabla ya kutazama chini.

---

Fundi Mabati

Wakuu, mimi si mtu wa lugha, ila kazi yangu ni paa, na mzee ana haki kamili. Niwape hesabu.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua upande mmoja wa paa wenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5. Hizo ni mita 50 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa masika ya Tanga si ya kutisha, inaweka pale lita 1,000. Tanga mjini tunapata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, kwa hiyo upande huo mmoja unaweza kushusha lita 60,000 kwa mwaka mzima.

Makuti nayo yanapokea kiasi hicho hicho, hilo jirani kasema kweli. Tofauti ni namna ya kuyatoa. Makuti yananyonya kiasi, yanachelewesha mengine, halafu yanayagawa kwenye maelfu ya ncha. Bati halinyonyi chochote. Bati la migongo la kawaida mabonde yake yanapishana inchi 3 hivi, kwa hiyo kwenye mita 10 una mabonde kama 130. Zile lita 1,000 zinagawanyika humo, kila bonde linaachia lita saba na ushee, na zote zinatua sehemu ile ile moja, mvua hadi mvua. Ukipita nyumba yoyote ya bati isiyo na gata utaona chini mashimo yamejipanga mstari, umbali kati ya shimo na shimo ni inchi 3. Hiyo ndiyo saini ya bati.

Ukuta wa udongo hauwezi kustahimili hayo. Wazee walijenga upenu mpana na baraza chini yake kwa sababu hiyo, maji yaangukie mbali na ukuta. Huyu jirani upenu wake umeangukia kwenye ukuta wa mwenzake.

---

Wakili wa Bagamoyo

Nimesoma uzi huu mara mbili kwa sababu ya ile kauli ya mzee. "Ndo zako nilizivumilia, chururu sikuipa ruhusa." Mnajua kwamba sheria ya Roma ilisema neno hili hili?

Warumi walikuwa na haki maalumu kuhusu maji ya paa. Mwenye nyumba angeweza kupata haki ya kuyaachia maji ya paa lake yaangukie kiwanja cha jirani, na jirani akabanwa kuyapokea. Haki hiyo iliitwa kwa jina la maji yenyewe, *stillicidium*, neno lililoundwa kwa "tone" na "kuanguka". Na walikuwa na neno la pili, *flumen*. Varro, mwanachuoni wa Roma wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza tofauti yake: stillicidium ni yale yanayoanguka tone kwa tone, flumen ni yale yanayotiririka mfululizo. Ndo na chururu, wakuu.

Sasa sikilizeni Paulus, mwanasheria wa karne ya tatu, ambaye maneno yake yaliingizwa kwenye mkusanyiko wa sheria uliotolewa na Mfalme Justinian mwaka 533. Kwanza anasema: kama zamani maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye vigae, huwezi baadaye kuyadondosha kutoka kwenye mbao au kitu kingine. Yaani haki uliyoipata kwa paa la aina moja haihamii kwenye paa la aina nyingine. Makuti na bati!

Kisha anaendelea. Paa unaweza kuliinua juu zaidi, kwa sababu maji yakitoka juu yanaanguka kwa upole, na pengine upepo unayachukua yasifike kabisa kwa jirani. Hapo unampunguzia mzigo. Kulishusha chini huwezi, kwa sababu mzigo unakuwa mkubwa, na hapa anatumia maneno matatu, *pro stillicidio flumen*: mahali pa ndo, chururu. Na mwisho: ukingo wa paa unaweza kuuvuta ndani, upande wako. Kuusogeza nje huwezi, maji yasije yakaangukia mahali pengine mbali na pale palipokubaliwa.

Huyu jirani kafanya mawili kati ya yaliyokatazwa. Kabadilisha ezeko, na kausogeza ukingo nje.

Simaanishi kwamba mwenyekiti wa Makorora ahukumu kwa sheria ya Roma. Ninachosema ni kwamba watu waliokaa chini ya mapaa, wa huko na wa huku, waliona kwamba tone na mtiririko ni vitu viwili na kila kimoja kina haki yake. Ufaransa nao, kwenye sheria yao ya madai ya 1804, waliliweka wazi: kila mwenye nyumba alijenge paa lake maji ya mvua yaangukie kwake mwenyewe au barabarani, haruhusiwi kuyamwagia kwa jirani.

---

Ustadh wa Ngamiani

Assalaam alaykum. Na upande wa pili wa shilingi usisahaulike: haki iliyowekwa zamani nayo ina uzito.

Katika Musnad ya Imam Ahmad imo habari ya Sayyidna Umar na mlizamu wa Sayyidna Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.). Mlizamu, kwa wasiolijua, ni ule mfereji unaotokeza nje ya paa la sakafu kumwaga maji, neno tumelipata kwa Waarabu. Mlizamu wa Abbas ulikuwa unaangalia njia ya Umar. Siku ya Ijumaa Umar kavaa nguo zake anakwenda msikitini, na kwa Abbas walikuwa wamechinja vifaranga viwili. Yakamwagwa maji yenye damu, yakampata Umar. Akaamuru mlizamu ung'olewe, akarudi kubadili nguo, akaja kuswalisha. Abbas akamfuata: Wallahi, mahali pale aliuweka Mtume mwenyewe. Umar akamwapia kwamba ni lazima apande juu ya mgongo wake aurudishe pale pale Mtume alipouweka. Abbas akafanya hivyo.

Zingatieni: ulirudishwa *pale pale*. Haukurefushwa, haukusogezwa. Hiyo kwa maoni yangu ndiyo hoja ya mzee. Makuti yangebaki, asingekuwa na la kusema.

---

Mwana wa Makorora

Alaykum salaam ustadh, na wote nawashukuru sana. Nimemsomea mwenyekiti maneno ya Wakili na hesabu za Fundi, akaniomba nimtumie kwenye simu. Jirani amekubali kulikata bati lirudi ndani na kuweka gata. Mzee anataka asaidiwe udongo na lipu, hilo bado wanazungumza.

Lakini swali langu la methali bado halijajibiwa.

---

Mwalimu wa Fizikia, Chumbageni

Kabla ya methali, niingie kidogo kwenye lile la Paulus kwamba maji yakitoka juu yanaanguka kwa upole. Ni kweli, na sababu yake inapendeza.

Chururu yoyote, ukiiacha ianguke mbali vya kutosha, inakuwa ndo. Uso wa maji unajivuta ili uwe mdogo kadiri inavyowezekana, na kwa kiasi kile kile cha maji, matone yana uso mdogo kuliko uzi mrefu mwembamba. Joseph Plateau, Mbelgiji wa karne ya 19, alionesha kwamba uzi wa maji ukishakuwa mrefu kuliko mzunguko wake, yaani mara tatu na kidogo ya unene wake, hautulii tena, mtikisiko mdogo tu unatosha kuanza kuukata. Uzi wa unene wa milimita 3 unafikia hapo kwenye sentimita moja hivi. Kukatika kwenyewe kunachukua muda, na wakati huo maji yanaendelea kushuka, ndiyo maana juu karibu na bati unaona uzi laini na huko chini umeshapasuka.

Jicho linadanganywa, linaona uzi mpaka chini. Jaribuni leo usiku mvua ikinyesha: piga picha ya simu na flashi, usawa wa magoti. Utakuta shanga zimetengana.

Kwa hiyo paa la juu sana, chururu yake inafika chini ikiwa matone, na upepo wa baharini unayatawanya. Paa la chini, kama la nyumba zetu za Ngamiani na Makorora, chururu inatua ikiwa bado nzima au matone yakiwa yamebanana, tena mahali pamoja. Paulus hakuwa na kamera, ila alikuwa na macho.

---

Mpita Duga

Kwa hiyo mzee angeambiwa jirani ainue paa?

---

Fundi Mabati

Kwenye makaratasi. Kwa mtaa ulivyobanana, na bati likiwa limeshafika ukutani, dawa ni kulirudisha ndani na gata. Gata iwe na mteremko kidogo kuelekea kwenye bomba, isikae usawa, ikikaa usawa inatuamisha maji na majani na siku ya mvua kubwa inafurika katikati, umerudi kule kule. Na kabla ya masika mtu apande aitoe majani. Na maji yapelekwe kwenye pipa au simtanki, lita 60,000 kwa mwaka ni mali.

---

Bint Tongoni

Kuhusu methali. Kwa bibi yangu haikuwa na utata: ilikuwa sifa. Alikuwa akiitumia kwa watu wanaosubiri kidogo kidogo wakati kingi kipo. Mjomba alikuwa akivua kwa mshipi ufukweni, samaki mmoja leo, wawili kesho, na wenzake wanamwita kwenye ngalawa. Bibi akamwambia, "Nenda nao, chururu si ndo ndo ndo." Anayekinga maji anaitaka chururu. Ndo haijazi mtungi kabla ya magharibi.

---

Mjukuu wa Mtang'ata

Dada yangu, kwetu ni kinyume, na sisi tu hapo hapo jirani na Tongoni. Babu aliitumia kwa hasara. Mtu anakopa kopa dukani, anadaiwa shilingi hii na hii, hiyo ni ndo. Siku anaweka shamba rehani, babu anasema: "Hii sasa chururu, si ndo ndo ndo." Maana yake, paa likivuja ndo unaweka sufuria chini unalala. Likivuja chururu unahamisha kitanda.

---

Mwalimu wa Kiswahili, Pangani

Na nyote wawili mko sahihi, kwa sababu methali yenyewe haisemi kipi ni bora. Inasema hiki si kile, basi. Ulinganishe na "haba na haba hujaza kibaba", ile imeshaamua upande, inasifu kidogo kidogo. Hii imetoa kipimo tu, anayeitamka ndiye anayeijaza. Bibi wa Tongoni yuko nje na mtungi. Babu wa Mtang'ata yuko ndani na sufuria. Mzee wa Makorora yupo nyuma ya ukuta wake.

Ninachomwomba mleta uzi: mzee huyo bado yupo, na masika bado yapo. Kaa naye umuulize majina mengine ya maji ya paa. Muulize maji yanayopita ndani ya ukuta bila kudondoka anayaitaje, na yale yanayorukia barazani kutoka chini yakishagonga ardhi. Rekodi kwa simu akiridhia, na uandike matamshi kama anavyosema yeye, usiyasanifishe.

---

Mwana wa Makorora

Sawa mwalimu. Hayo ya kurukia barazani ameshanitajia leo asubuhi, anayaita *marasharasha*, na akasema ndiyo yanayokula ukuta kwa chini kabla ya chururu. Fundi, hilo unalionaje?

---

Fundi Mabati

Mzee yuko sawa. Ukifika utaona ukuta umeliwa toka chini, usawa wa kifundo cha mguu hadi goti, na juu lipu bado nzima. Mwambieni aweke kokoto pale maji yanapotua, yasiruke na tope. Hata gata ikishafungwa, kokoto azibakishe.